Kifua Kikuu Mkoani Kwetu: Kinapungua, au Tunahesabu Vibaya?

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi wa sasa.)



Katibu aliponiandikia barua ya kunitaka niseme maneno machache, alinipa ruhusa ya kuchagua jambo lolote nilipendalo, mradi lisizidi nusu saa na lisiwe la siasa. Mimi nimefanya kazi ya kifua kikuu na ukoma kwa miaka 36, tangu mwaka 1984 hadi nilipostaafu mwaka 2020. Mtu aliyeshika kazi moja kwa muda wote huo hana jambo jingine analoweza kulizungumza bila ya kutia chumvi. Kwa hiyo nitasema juu ya kifua kikuu mkoani kwetu Kigoma. Najua wako wanaosema moyoni: mzee huyu ametuharibia sherehe, pilau linatungoja naye anatuletea habari za makohozi. Nivumilieni kidogo. Pilau halitapoa.

Swali langu ni moja tu: je, kifua kikuu kinaongezeka au kinapungua? Laonekana kuwa swali jepesi. Unafungua daftari, unahesabu majina, unalinganisha na mwaka uliopita, basi. Mimi mwenyewe nililijibu hivyo kwa miaka kadhaa, na nilikosea, na kosa langu liliwagharimu watu. Ndiyo maana nimeona nilieleze mbele yenu.

KITANDA CHA JUU

Wenzangu tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1976 wanakumbuka jinsi tulivyolala. Vitanda vilipangwa viwili viwili, kimoja juu ya kingine, na madirisha tuliyafunga kila usiku kwa kuogopa mbu na upepo wa ziwani. Asubuhi chumba kilikuwa na joto kama jiko la mkate.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina, aliyetoka vijiji vya kusini mwa ziwa. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko sisi sote. Muhula wa pili wa kidato cha tatu alianza kukohoa. Tulimtania tukimwita "injini ya Liemba", kwa sababu akianza usiku ilikuwa kama meli inayowashwa bandarini. Naye alicheka pamoja nasi. Baadaye aliacha kucheka. Alikonda, kaptura yake ikawa haishiki kiunoni, na usiku alilowa jasho kama aliyetoka kuogelea. Alitusihi tusimwambie mwalimu, maana aliogopa kurudishwa nyumbani kabla ya mtihani. Nasi tukamficha. Zamu ya kufagia tulimfanyia, na mwalimu wa zamu alipouliza nani aliyekohoa usiku, tulisema ni vumbi.

Tulidhani ule ni urafiki.

Alipotema damu darasani, mambo hayakufichika tena. Alitibiwa kwa kadiri ilivyowezekana siku zile, akarudishwa kwao. Matibabu ya wakati ule yalikuwa mwaka mzima na zaidi, na miezi ya mwanzo ilikuwa ya sindano kila siku, wakati zahanati iliyokuwa karibu na kwao ilikuwa safari ya siku nzima kwa mtumbwi. Likizo ya Desemba tulipata habari kwamba amefariki. Mmoja wa waliolala jirani naye aliugua ugonjwa uleule miaka michache baadaye, akatibiwa, akapona. Yumo humu ukumbini leo, na ameniruhusu kusema hayo.

Wazee walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini hapa aliyefichuliwa na kilio hakuwa marehemu peke yake. Tulikuwa sisi.

MBEGU ILIYOLALA

Vijana wa sayansi watanisamehe nikieleza wanayoyajua. Kifua kikuu huletwa na bakteria ambaye Robert Koch, daktari wa Kijerumani, alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo sababu siku hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu duniani. Koch huyohuyo alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1906 kuchunguza malale. Ugonjwa huu haupatikani kwa kurogwa, wala kwa kurithi, wala kwa kula sahani moja na mgonjwa. Hupita hewani. Mgonjwa wa mapafu anapokohoa, kuimba au kusema kwa sauti, vijidudu hutoka na kuelea, na mwenye kukaa naye katika chumba kisichopitisha hewa huvivuta.

Sasa shikeni jambo moja, maana bila hilo hesabu yote inayofuata haitaeleweka. Kuambukizwa si kuugua. Inakadiriwa kwamba robo ya watu wote duniani wameambukizwa, lakini katika kila watu mia walioambukizwa, wanaougua katika maisha yao yote ni kati ya watano na kumi tu. Kwa waliobaki kijidudu hulala kama mbegu kiangazi. Mvua yake ni njaa, kisukari, ulevi, uzee, na zaidi ya vyote, virusi vya ukimwi. Kwa hiyo mgonjwa unayemwona leo huenda aliambukizwa juzi, au huenda aliambukizwa miaka thelathini iliyopita katika bweni lenye madirisha yaliyofungwa.

MAKOFI NILIYOPIGIWA

Mwaka 1977, sisi tukiwa bado shuleni hapa, Serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Katika kuujenga, nchi yetu ilisaidiwa na Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, aliyekuwa akifanya kazi na Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu. Mtu huyu aliujua ugonjwa kwa mwili wake, kwani aliupata akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi huko Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili. Utaratibu uliowekwa ulikuwa wa kawaida kabisa: makohozi yapimwe kwa darubini, kila mgonjwa aandikwe jina, apewe kadi, ameze dawa mbele ya mtu, na kila miezi mitatu ihesabiwe ni wangapi wameanza, wangapi wamepona, wangapi wamekufa na wangapi wametoroka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaja dawa za muda mfupi zenye rifampisini ndani yake, zile zinazogeuza mkojo kuwa mwekundu. Matibabu yakashuka kutoka mwaka mzima hadi miezi minane, na baadaye sita. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuueneza katika nchi nyingine. Vijana, mkiambiwa kwamba nchi maskini haina la kuifundisha dunia, kumbukeni madaftari yale.

Mimi nilikabidhiwa daftari la wilaya nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne, pamoja na pikipiki moja na kreti ya vichupa vya makohozi. Mwaka mmoja, katikati ya miaka hiyo ya 1980, nilipofunga hesabu niliona wagonjwa wamepungua sana kuliko mwaka uliotangulia. Nilikwenda mkutanoni nimechomekea shati, nikasoma takwimu zangu, nikasema ugonjwa unatoweka. Nilipigiwa makofi.

Wiki chache baadaye nilipanda boti kwenda vijiji vya kusini. Ubavuni mwangu aliketi mama mmoja na mwanawe wa kiume, mvuvi, amefungwa shuka kifuani kwenye jua la saa sita. Kikohozi chake nilikijua kabla sijauliza. Nilikuwa nimekisikia bwenini kwa miezi sita. Yule mama alinieleza kwamba kijana alikwishapelekwa kutoa makohozi mara mbili katika kituo kimoja, na mara zote mbili waliambiwa warudi. Nilipofika huko nikakuta darubini iko, imefunikwa vizuri kwa kitambaa. Lakini rangi ya kupakia vioo ilikuwa imekwisha miezi mitano iliyopita, na mpimaji alikuwa amehamishwa. Barua ya kuniarifu ilikuwa katika rundo la barua mezani kwangu, chini ya taarifa niliyoisoma mkutanoni.

Ndugu zangu, ugonjwa haukupungua. Ni macho yetu yaliyofumba. Kijana yule tulimtibu, akapona. Katika nyumba yao tulikuta wengine watatu, na mdogo wa mwisho, mtoto wa miaka miwili, hakuwahi. Tangu siku hiyo, kila nikisikia makofi kwa ajili ya namba iliyoshuka, huuliza kwanza: wamepimwa wangapi?

MIKONO YA WATOTO WA SHULE

Yako basi mashaka: ikiwa daftari linaweza kusema uongo, tutaujuaje ukweli? Dk. Styblo na wenzake walikuwa na jibu la werevu. Waliacha kuhesabu wagonjwa, wakaenda kuhesabu maambukizo katika watoto. Mtoto wa shule ya msingi amekaa duniani miaka michache tu, na kama ameambukizwa, basi ameambukizwa katika miaka hiyo. Ukijua ni wangapi walioambukizwa, unajua ugonjwa unatembea kwa kasi gani kijijini, hata kama kituo hakina rangi wala mpimaji.

Uchunguzi huo ulifanywa mikoa yote ya Bara, wa kwanza kati ya mwaka 1983 na 1987, ukarudiwa mara tatu baada ya hapo. Nami nilikuwa miongoni mwa waliotumwa mashuleni. Tulidunga dawa kidogo chini ya ngozi ya mkono, na baada ya siku tatu tulirudi na rula kupima uvimbe. Watoto walitukimbilia siku ya kwanza na kutukimbia siku ya pili. Matokeo ya nchi nzima yalikuwa haya: katika miaka ya 1980, kila watoto mia, mmoja hivi aliambukizwa kila mwaka. Katika uchunguzi wa nne, wa mwaka 2000 hadi 2003, walikuwa kama saba katika kila elfu. Kwa maneno mengine, maambukizo yalikuwa yakishuka polepole.

Polepole hiyo si kitu kidogo, kwa sababu ya yale yaliyotokea katika miaka hiyohiyo.

MIAKA YA DHORUBA

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa mkoani Kagera, jirani zetu wa kaskazini. Mwaka huo wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa nchini walikuwa takriban 12,000. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 walizidi 60,000. Mara tano katika miaka ishirini! Wodi zilijaa, wagonjwa wakalala chini, na wengine kati yetu tulikata tamaa tukasema kazi yote imekuwa bure.

Lakini tazameni namba mbili hizi kwa pamoja. Wagonjwa wameongezeka mara tano, na maambukizo kwa watoto yamepungua. Yawezekanaje? Yawezekana kwa sababu virusi vya ukimwi viliamsha mbegu zilizolala katika vifua vya watu wazima. Wengi walioambukizwa zamani waliugua sasa. Lakini kwa kuwa utaratibu wa kuwatafuta na kuwatibu ulikuwapo, wengi walipata dawa kabla ya kuambukiza wengi. Bila ya daftari, kadi na vidonge, dhoruba ile ingewafuata watoto wetu mashuleni. Hiyo ndiyo maana ya kazi isiyoonekana: ushindi wake ni wagonjwa ambao hawakuwapo.

Mkoani kwetu dhoruba ilikuwa na upepo wa pili. Mwaka 1972 walikuja ndugu zetu kutoka Burundi. Mwaka 1996 wakavuka ziwa ndugu zetu wa Zaire ya wakati ule, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Mwaka 2015 wakaja tena Warundi, na maelfu walikwama ufukweni Kagunga, ambako Liemba yetu kongwe ilikwenda kuwachukua. Kila mara nilisikia maneno yaleyale sokoni: wakimbizi wametuletea kifua kikuu. Nataka niseme wazi kama mtu aliyekuwa na daftari mkononi. Kifua kikuu kilikuwa kwetu kabla yao. Wao walikuja na vita mgongoni, na vita hukatiza matibabu, hulaza watu kumi katika hema moja, na huleta njaa. Nilimpokea mtu mmoja aliyevuka ziwa usiku akiwa hana hata viatu, lakini kadi yake ya matibabu alikuwa ameifunga katika mfuko wa nailoni na kuitia ndani ya shati. Alikuwa amebakiza miezi miwili, na hakutaka kuikosa. Nani kati yetu angeokoa kadi kabla ya viatu?

NAMBA ZILIZOPISHANA

Sasa nije karibu. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa, na mvua ile iliyoamsha mbegu ikaanza kukatika. Mwaka 2012 nchi yetu ilifanya kwa mara ya kwanza uchunguzi wa kwenda nyumba kwa nyumba kutafuta kifua kikuu kwa watu wazima, na watu wapatao 50,000 walishiriki. Walikutwa wagonjwa karibu 300 kwa kila watu wazima laki moja. Shirika la Afya Duniani, ambalo hapo awali lilikadiria chini ya wagonjwa wapya 200 kwa mwaka katika kila watu laki moja wa nchi yetu, ikabidi lipandishe kadirio hilo kupita 300. Wasiojua walishtuka, wakasema ugonjwa umelipuka. Haukulipuka. Tuliwasha taa tu, tukaona vilivyokuwamo chumbani.

Baada ya hapo likaja jambo linalowachanganya wengi. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2022, wagonjwa wanaoandikishwa nchini walipanda kutoka kama 62,000 kwa mwaka hadi kufikia takriban 100,000. Na katika kipindi hichohicho, ugonjwa wenyewe ulikadiriwa kushuka, kutoka wagonjwa wapya zaidi ya 300 kwa kila watu laki moja hadi chini ya 200, na vifo kutoka zaidi ya 50,000 kwa mwaka hadi chini ya 20,000. Daftari limepanda, makaburi yamepungua. Mkilielewa hilo mmeielewa hotuba yangu nzima. Wagonjwa waliokuwa wakikohoa vijijini bila kujulikana, sasa wanajulikana, wanatibiwa, na hawaambukizi tena.

Walipatikanaje? Kwa kuulizwa. Wahudumu waliagizwa kumwuliza kila anayefika kituoni, hata aliyekuja kwa jeraha la mguu, kama anakohoa. Wahudumu wa vijijini, wenye maduka ya dawa na hata waganga wa jadi waliingizwa katika kazi. Ikaja mashine ya GeneXpert, inayotoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili na kusema pia kama kijidudu ni sugu kwa rifampisini. Na huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku waliofunzwa wananusa makohozi tangu mwaka 2007, na hugundua wagonjwa ambao darubini iliwapita. Naona vijana mnacheka. Panya mmoja hunusa sampuli mia moja kwa dakika ishirini. Mimi kwa darubini yangu ningezimaliza baada ya siku nne.

NA KIGOMA JE?

Kwa miaka mingi mkoa wetu umekuwa miongoni mwa mikoa inayoandikisha wagonjwa wachache tukilinganisha na wingi wa watu. Je, tupige makofi?

Iko sababu ya kweli ya kufurahi. Virusi vya ukimwi kwetu ni vichache. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta chini ya watu wazima watatu katika kila mia mkoani Kigoma, wakati Njombe walizidi kumi na mmoja. Penye virusi vichache, mbegu nyingi hubaki zimelala. Tena hatuna msongamano wa Dar es Salaam, wala migodi mikubwa ambayo vumbi lake huharibu mapafu, ingawa vijana wetu wanaokwenda machimboni Geita na Kahama hurudi na vikohozi vyao.

Lakini iko na sababu ya kuogopa. Chukueni kalamu, wanafunzi wa hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani Kigoma watu 2,470,967. Kadirio la taifa la mwaka 2023 ni wagonjwa wapya kama 180 kwa kila watu laki moja. Zidisheni: mtapata karibu wagonjwa 4,400 kwa mwaka. Haya, tuseme kwetu ugonjwa ni mdogo, tutoe theluthi nzima. Bado wanabaki karibu 3,000. Hesabu hii si uchunguzi, ni kipimo cha mezani tu. Lakini siku mtakaposikia idadi ya walioandikishwa mkoani, iwekeni kando ya namba hiyo, kisha mwulize: waliobaki wako wapi?

Mimi naweza kuwaambia walipo, maana nimewafuata. Wako katika kambi za wavuvi, ambako watu wanane hulala katika kibanda cha nyasi kisicho na dirisha, usiku wako ziwani na taa zao za dagaa, na mchana, saa za zahanati, wamelala. Wako katika vijiji vya pwani ya kusini, ambako nauli ya boti kwenda na kurudi ni mapato ya siku kadhaa. Dawa ni bure, ndiyo. Lakini uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa kifua kikuu nchini ziliingia katika gharama za kuzifilisi: nauli, chakula, na siku za kazi zilizopotea. Wako milimani Kasulu na Buhigwe, wazee ambao kila mtu amezoea kikohozi chao na kusema ni cha uzee. Na wako, nasikitika kusema, katika mabweni, wanapofichwa na marafiki zao.

Basi kanuni yangu ni hii, na ningependa iandikwe ubaoni: uchache wa wagonjwa ni habari njema pale tu waliopimwa walipokuwa wengi. Mkoa ukipima watu wengi na kukuta wagonjwa wachache, furahini. Ukipima wachache na kukuta wachache, haujakuta kitu. Na mkisikia mwaka ujao kwamba wagonjwa Kigoma wameongezeka, msikimbilie kuilaumu zahanati. Huenda mhudumu mmoja hodari amepanda boti.

MANENO YA MWISHO

Kwenu vijana nina mambo matatu. La kwanza, mtu akikohoa wiki mbili, au akitoka jasho usiku na kukonda, apelekwe akatoe makohozi. Wiki mbili, si muhula. La pili, madirisha ya bweni yawe wazi usiku, na mbu tuwazuie kwa vyandarua. Lile kovu la chanjo begani mwenu liliwalinda mlipokuwa wachanga, lakini kwa kijana mkubwa si ngao ya kutegemea. La tatu, mgonjwa aliyeanza dawa zinazomfaa na kuzifuata, kwa kawaida baada ya wiki chache haambukizi tena. Msimtenge. Mwekeeni nafasi yake darasani, msaidieni asiache vidonge kwa miezi yote sita, kwa sababu anayeviacha nusu njia ndiye anayezaa ugonjwa sugu. Wa aina hiyo walipoanza kutibiwa nchini mwaka 2009, walipelekwa mpaka Kibong'oto, Kilimanjaro. Piga hesabu ya mwendo huo kutoka Kigoma.

Kwenu wazee wenzangu, mnaoleta michango ya rangi ya ukumbi na mabati, ahsanteni, na vibaki kuwa hivyo. Lakini naomba Chama kifikirie mfuko mdogo wa nauli, wa mwanafunzi au mzazi wa mwanafunzi anayetakiwa kwenda kupimwa na hana cha kumvusha. Si fedha nyingi. Nimefanya hesabu na Mweka Hazina, naye hajazimia.

Na kwa yule mwenzetu wa kitanda cha juu. Niliwahi kutafuta jina lake katika madaftari ya zamani ya kifua kikuu nilipoanza kazi, nikaangalia ukurasa kwa ukurasa, na sikuliona. Huenda daftari la mwaka ule lilipotea, au huenda hakuandikwa popote. Kwa hesabu ya mwaka ule, basi, mkoa wetu ulikuwa na mgonjwa mmoja pungufu, na bila shaka kuna mtu aliyeifurahia namba hiyo. Sisi tuliolala naye chumba kimoja twajua kwamba alikuwapo.

Sasa twendeni tukale.